Sini Isiyotoka Sini: Kutambua na Kuthamini Kauri ya Japani, kutoka Mwambao hadi Uvira

Katika maandishi mengi yahusuyo historia ya mwambao wa Afrika Mashariki, kauri ina mwenyewe mmoja tu, naye ni Mchina. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, alipozuru Tanganyika mwaka 1955, alidiriki kusema kwamba tangu karne ya 10 historia ya nchi hiyo iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kauli hiyo haikukosa msingi. Uchimbuzi wa James Kirkman huko Gedi na katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na ule wa Neville Chittick huko Kilwa, ulitoa vigae vya Kichina kwa wingi. Na makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za enzi ya Ming zilizopachikwa katika chokaa. Lakini kauli ikishageuka mazoea huzaa uvivu wa macho. Chombo chochote cheupe chenye maua ya buluu kikionekana katika kidaka cha Lamu au katika kabati la Unguja huandikwa kuwa ni cha Kichina, na shauri huishia hapo.

Lugha yenyewe imesaidia kueneza mazoea hayo. Neno la zamani la chombo cha aina hii ni *sini*, lililotoka katika Kiarabu, nalo ni jina la nchi ya Uchina kabla ya kuwa jina la bidhaa. Mwenye kusema "kikombe cha sini" amekwisha kutaja asili ya kikombe hata kabla ya kukigeuza na kutazama kitako chake. Neno la pili, *kauri*, halina lawama hiyo, kwa sababu maana yake ya kwanza ni yule simbi mdogo wa baharini ambaye gamba lake lilitumika kama fedha. Ulaini na weupe wa gamba ndio uliokipa chombo jina. Inapendeza kukumbuka kwamba Wataliani nao walifanya vivyo hivyo, kwani neno lao *porcellana* lilikuwa jina la simbi huyo huyo kabla ya kuhamia kwenye sahani. Waswahili na Wataliani walitazama kitu kimoja wakafikiria ganda moja. Hata hivyo hakuna neno la Kiswahili cha kale linalomtaja Mjapani katika habari hii, wala hapakuwa na sababu ya kuwapo: bidhaa za Japani zilipakuliwa bandarini na watu ambao hawakuwa Wajapani, kutoka katika meli ambazo hazikuwa za Japani.

Makala haya yanachunguza namna ya kuitenga kauri ya Japani na ile ya Uchina na ya Ulaya, na maana ya kazi hiyo kwa mwanahistoria wa nchi zinazosema Kiswahili, kuanzia mwambao hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Suala si la wakusanyaji wa vitu vya anasa peke yao. Katika sheria ya Kenya, kwa mfano, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini au *kuingizwa* nchini kabla ya mwaka 1895. Sahani ya Arita iliyoshuka Mombasa mwaka 1800 ni urithi unaolindwa. Sahani ya Nagoya iliyoshuka mwaka 1930, hata ikiwa nzuri kuliko ile ya kwanza, siyo. Asiyeweza kuzitofautisha hawezi kuitumia sheria, na mchuuzi anayeweza kuzitofautisha ataitumia elimu yake dhidi ya mwenye nyumba.

Safari ya kutoka Hizen

Kauri ya Japani ni changa ikilinganishwa na ya Uchina. Wachina walikuwa wameimudu kazi hiyo kwa karne nyingi wakati Japani ilipokuwa bado ikiagiza vyombo kutoka kwao. Mabadiliko yalikuja baada ya vita vya Hideyoshi dhidi ya Korea, vya mwaka 1592 hadi 1598, ambapo wafinyanzi wa Kikorea walichukuliwa na kupelekwa kisiwa cha Kyushu. Mapokeo ya huko yanamtaja mmoja wao, Yi Sam-pyeong, kuwa ndiye aliyegundua udongo wa kaolini katika kilima cha Izumiyama, karibu na mji wa Arita katika jimbo la Hizen, yapata mwaka 1616. Matanuri yaliongezeka haraka. Vyombo vilivyotengenezwa Arita vilisafirishwa kupitia bandari jirani ya Imari, na kwa hiyo wanunuzi wa mbali wakaviita kwa jina la bandari badala ya jina la mahali vilikochomwa. Kosa la namna hiyo si geni kwa Waafrika Mashariki.

Lililoifungulia Arita soko la dunia ni msiba wa jirani. Enzi ya Ming ilianguka mwaka 1644, vita vikaharibu kazi za Jingdezhen, na meli za Waholanzi zikakosa mzigo. Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, yaani VOC, ambayo tangu mwaka 1641 ilikuwa imefungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima huko Nagasaki, ikaanza kununua kauri ya Japani. Mwaka 1659 liliwekwa agizo kubwa la vyombo zaidi ya 50,000, na sehemu ya mzigo wa mwaka huo ilipelekwa Mocha, bandari ya Yemeni iliyokuwa kitovu cha biashara ya kahawa. Hapo ndipo habari hii inapowagusa watu wa mwambao. Mnywaji wa kahawa wa Yemeni alihitaji finjani, kikombe kidogo kisicho na mkono, na Arita ilijifunza kukitengeneza. Mocha, Hadhramaut, Maskati, Surat, Lamu na Mombasa zilikuwa bandari za pepo zile zile za kaskazi na kusi. Chombo kilichokwisha kufika Mocha kilikuwa kimekwisha kuingia katika bahari ya majahazi, na tangu hapo hakikuhitaji Mholanzi kukiendesha.

Majonki ya Wachina nayo yalichukua kauri kutoka Nagasaki na kuigawa katika bandari za Kusini-mashariki ya Asia, na kwa njia hiyo sahani ya Japani iliweza kuuzwa sokoni na mfanyabiashara wa Kichina, ikiwa imefungwa mzigo mmoja na za Kichina. Ni vigumu kumlaumu mnunuzi wa Pate kwa kuziita zote sini.

Nafasi hiyo haikudumu. Mwaka 1684 watawala wa Qing waliondoa marufuku ya biashara ya bahari, Jingdezhen ilikuwa imekwisha kufufuka, na kauri ya Kichina ikarudi kwa bei ambayo Arita haikuiweza. Zaidi ya hayo, kufikia mwanzo wa karne ya 18 Wachina walianza kuiga mtindo wa Imari wenyewe: buluu, nyekundu na dhahabu. Hivyo mwanafunzi aliye mwiga wa mwalimu kwa miaka sitini akaigwa na mwalimu wake. Anayechunguza sahani ya rangi hizo tatu leo yuko mbele ya kesi hiyo ya zamani, na lazima aikate.

Ushahidi wa kitako

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kukipindua chombo. Uso wa sahani ulitengenezwa ili upendeze, na kila mwigaji huanza na uso. Kitako hakikutazamwa na mtu, kwa hiyo husema kweli zaidi.

Kabla ya hapo iko haja ya kujua kama chombo ni kauri hasa. Kauri iliyoshikwa mbele ya taa hupitisha mwanga, na kivuli cha kidole huonekana upande wa pili. Ikigongwa taratibu kwa ukucha hulia kama kengele ndogo. Chombo cha udongo wa kawaida uliopakwa utando wa kioo hakipitishi mwanga, na mlio wake ni mzito. Jaribio hili dogo huondoa mara moja kundi kubwa la bakuli na sahani za karne ya 19 zinazopatikana mwambaoni, hasa zile za kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambazo zilipelekwa Afrika Mashariki kwa wingi na ambazo mara nyingi zina chapa ya kiwanda chini yake. Bakuli hizo zina historia yao na heshima yao, lakini si kauri, wala si za mashariki. Jaribio hilo hilo humtoa pia Satsuma wa Kijapani, ambaye ni chombo cha udongo wa rangi ya malai chenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ingawa wauzaji hupenda kumweka katika fungu la kauri.

Ikishathibitika kuwa ni kauri, uchunguzi huingia katika mambo ya tanuri. Sahani kubwa ya Arita ilikuwa na hatari ya kuzama katikati wakati wa kuchomwa, na mfinyanzi aliitegemeza kwa vijiti vidogo vya udongo vilivyochongoka. Vilipovunjwa baada ya kuchomwa viliacha alama, vijipele vitatu, vinne au vitano vinavyohisiwa kwa kidole ndani ya pete ya kitako. Mchina wa Jingdezhen hakuwa na desturi hiyo. Alama hizo zikiwapo, hoja ya Japani inakuwa na nguvu kubwa. Zisipokuwapo, hoja haijavunjika, kwa sababu kikombe na sahani ndogo havikuhitaji kutegemezwa. Hapa wachunguzi wengi wapya hukosea, wakidhani kwamba dalili inayothibitisha kwa kuwapo kwake lazima ikanushe kwa kukosekana kwake.

Pete ya kitako yenyewe ina habari. Kwenye kauri ya Kichina ya wakati wa Kangxi mara nyingi imechongwa kwa kisu, ina kona zilizo wazi, na pale ambapo udongo mtupu umekutana na utando wa kioo kuna mstari mwembamba wa rangi ya kutu. Udongo wa Arita ni wa kijivu kidogo na mzito zaidi mkononi, na utando wake wa kioo huwa na vitundu vidogo mithili ya ganda la chungwa. Rangi nazo hutofautiana. Buluu ya Arita ya karne ya 17 na 18 hukolea hadi kuukaribia weusi, na kingo zake huenea kama wino kwenye karatasi mbichi. Ile ya Kichina ya wakati huo ni angavu na imetulia ndani ya mstari wake. Nyekundu ya Kijapani ni nzito, haipitishi mwanga, na kidole kikipita juu yake huihisi. Nyekundu ya Imari ya Kichina ni nyembamba, kama iliyopakwa kwa maji mengi. Hakuna hata dalili moja kati ya hizi iwezayo kusimama peke yake, lakini tatu zikikubaliana ni nadra kudanganya.

Maandishi yaliyoko chini ya chombo ndiyo yanayompoteza mgeni kuliko jambo jingine. Sahani nyingi za Arita zimeandikwa herufi sita za Kichina zinazodai kwamba chombo kilitengenezwa katika utawala wa Chenghua wa enzi ya Ming, yaani kati ya mwaka 1465 na 1487, wakati ambapo Arita haikuwa na tanuri hata moja la kauri. Si udanganyifu kwa maana ya leo. Mfinyanzi aliuheshimu utawala huo kwa kuandika jina lake, kama vile mshairi anavyoanza kwa kuwataja waliomtangulia. Wachina wenyewe waliandika hivyo hivyo katika karne za baadaye. Herufi nyingine ipatikanayo sana ni ile ya baraka, isomwayo *fuku* kwa Kijapani, ikiwa ndani ya mraba. Herufi hizi zisisomwe kama tarehe.

Zile herufi tatu za VOC zilizofumwa pamoja katikati ya sahani za buluu na nyeupe, kinyume chake, ni za kuaminika kwa chombo halisi, kwani ziliagizwa na kampuni yenyewe kwa matumizi ya ofisi na meli zake katika nusu ya pili ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Vigae vya Japani vya wakati huo vimefukuliwa huko Cape Town, kituo cha kampuni hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo ya umaarufu, sahani za VOC zimeigwa mara nyingi.

Mstari mkubwa wa kugawa nyakati uko katika karne ya 19. Baada ya utawala wa Meiji kuanza mwaka 1868, Japani ilijifunza mbinu za viwanda vya Ulaya. Mjerumani Gottfried Wagener alifundisha huko Arita mwaka 1870 matumizi ya kobalti iliyotengenezwa kwa kemia, na tangu hapo buluu ya Kijapani ikawa kali, sawasawa kila mahali, isiyo na kina. Wakati huo huo kazi ya kalamu ya manyoya ilianza kuachwa. Rangi ilipitishwa katika karatasi iliyokatwa umbo, kisha baadaye ikahamishwa kutoka katika bamba la shaba. Anayetazama kwa kioo cha kukuza ataona vitone, mistari iliyokatika mahali ambapo karatasi ilishikiliwa, au mshono ambapo chapa ya mwisho haikukutana vizuri na ya kwanza. Ua linalorudiwa mara sita pasipo tofauti hata ya unywele halikuchorwa na mkono wa mtu.

Kisha ilikuja sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika mwaka 1891, ambayo ilitaka bidhaa ionyeshe nchi ilikotoka. Wajapani waliandika "Nippon" hadi mwaka 1921, ambapo forodha ya Marekani ililikataa neno hilo na kutaka "Japan". Vyombo vilivyotajwa kuwa vya Japani iliyokaliwa na majeshi ni vya miaka ya baada ya vita, hadi mwaka 1952. Tahadhari moja inahitajika: masharti hayo yalikuwa ya soko la Marekani. Chombo kilichopelekwa Mombasa au Maskati kingeweza kukosa neno lolote la Kizungu na bado kikawa cha mwaka 1925. Kukosekana kwa "Nippon" si cheti cha uzee, japo madukani hutumiwa hivyo kila siku.

Kidaka na thamani isiyo ya fedha

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, na kauri ilikaa humo. Haikuliwa humo. Kazi yake ilikuwa kuonekana, na baadhi ya watafiti wameeleza pia kwamba ilikaa hapo kama kinga: jicho baya hutua kwanza juu ya kinachong'aa, na chombo hupasuka badala ya mtu kudhurika. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika *Al-Inkishafi*, alipotaka kueleza kuanguka kwa Pate hakuhitaji mfano mwingine zaidi ya zidaka zilizokosa sahani na kugeuka viota vya ndege. Msomaji wake wa wakati ule alielewa mara moja kilichopotea. Emily Ruete, ambaye ndiye Seyyida Salme binti Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 juu ya vyumba vya Unguja vyenye shubaka zilizojaa vyombo vya kauri na bilauri, na juu ya watu ambao hawakuona bei yoyote kuwa kubwa kwa ajili ya kuzijaza.

Jambo hili lina matokeo kwa kazi ya kuthamini. Mnada wa London au Amsterdam hutoza ufa. Sahani iliyotobolewa tundu ili itundikwe, au iliyovunjika ikaunganishwa kwa pini za chuma, hupoteza sehemu kubwa ya bei yake huko. Kwa mwanahistoria, pini hizo ni waraka. Zinaonyesha kwamba palikuwa na fundi, kwamba mwenye chombo alikubali kumlipa, na kwamba chombo kipya hakikupatikana au hakikutakiwa. Sahani safi isiyo na alama ya kisu wala tundu, inayodaiwa kukaa Lamu miaka mia mbili, ndiyo inayopasa kutiliwa shaka.

Bei ya mnada nayo ina mantiki yake. Kinachopanda juu kabisa ni kazi ya mtindo wa Kakiemon, yenye udongo mweupe kama maziwa, michoro michache na uwanja mkubwa ulioachwa mtupu. Hufuata sahani za VOC na masinia makubwa ya Imari ya karne ya 17. Vyombo vya Meiji viko chini zaidi, isipokuwa vile vilivyotiwa saini na mafundi wakubwa, na seti za meza za karne ya 20, hata za kampuni ya Nippon Toki iliyoanzishwa mwaka 1904 na kujulikana baadaye kwa jina la Noritake, zilitengenezwa kwa wingi mno kuwa adimu. Juu ya yote hayo huongezwa ushahidi wa mahali chombo kilipokaa. Na ushahidi huo ndio anaoutupa mchuuzi anaponunua sahani mlangoni kwa mlango pasipo kuuliza jina la nyumba.

Kauri na kipagazi

Nini kilifika bara? Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 na kuikuta ikiwa kituo cha mwisho cha kaskazini cha wafanyabiashara wa pwani katika ziwa, mahali pa pembe, watumwa na nafaka. Livingstone na Stanley walipita maeneo hayo mwezi Novemba 1871 na kuhakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Bidhaa zilizopanda kutoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora na Ujiji zinajulikana: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, na kila kilichokuwa ndani ya mzigo huo kilipimwa kwa uzito wake na kwa uwezo wake wa kuanguka bila hasara. Stanley alipoeleza anasa za Waarabu wa Tabora alitaja mazulia ya Kiajemi, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, masinia ya shaba. Hiyo ni anasa ya madini. Mwenye mali wa Tabora au Ujiji hakuwa maskini kuliko wa Lamu. Alikuwa tu mbali na bahari kwa miezi mitatu ya mabega ya watu, na shaba haivunjiki.

Kutokana na hayo inawezekana kutoa kanuni ya kukadiria umri ambayo haimo katika vitabu vya wakusanyaji. Kikombe kimoja kimoja cha kauri huenda kilipita na misafara. Lakini seti, au sahani kubwa, ikipatikana katika nyumba ya Uvira, Baraka au Fizi, dhana ya kwanza iwe kwamba ilikuja kwa gari la moshi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa maghala yao Dar es Salaam na Kigoma, maarufu kwa jina la Belbase, ambamo bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi zilipita bila kutozwa ushuru wa Tanganyika, kisha zikapakiwa melini kuvuka ziwa. Njia hiyo ilikuwa laini ya kutosha kubeba kikombe.

Na ndipo Japani inaporudi katika hadithi, safari hii kwa jina lake. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeweka eneo la biashara huru katika bonde la Kongo, eneo ambalo kwa ufafanuzi wake lilienea hadi Bahari ya Hindi. Mapatano ya Saint-Germain ya mwaka 1919 yaliyarekebisha masharti hayo, na Japani ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia saini. Kwa hiyo bidhaa za Kijapani hazikuweza kutozwa ushuru zaidi ya za Uingereza huko Kenya, Uganda na Tanganyika, wala zaidi ya za Ubelgiji huko Kongo. Mwaka 1926 kampuni ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za meli za kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1934, Uingereza ilipoweka viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mengi, Afrika Mashariki ilibaki nje kwa sababu ya mapatano hayo. Pamoja na nguo na viatu vya mpira viliingia vyombo vya meza vya bei ndogo, na dukawala wa Kihindi au Kiarabu kandokando ya ziwa aliviuza kwa watu ambao baba zao walikunywa kwa kibuyu.

Wakusanyaji hawana haja na vyombo hivyo. Katika mitaa ya Uvira kama Nyamianda, Mulongwe na Kalundu, hata hivyo, kikombe cha Kijapani cha miaka ya 1930 ni ushahidi wa mkataba wa kimataifa ulivyofika mezani, na ni adimu kuliko kinavyoonekana. Mji huo umehamwa na kurudiwa mara nyingi. Vita vya Oktoba 1996 viliutoa watu kwa usiku mmoja mmoja, na mwenye kukimbia hachukui sahani; huchukua sufuria, ambayo itampikia njiani. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa maelfu ya nyumba, kisha ziwa lenyewe likapanda na kuingia katika mitaa ya kando. Kile ambacho mpagazi wa mwaka 1858 alikiogopa, yaani kuvunjika, kimetendwa na maji na bunduki kwa ukamilifu zaidi.

Nani alindwe na sheria

Sheria za nchi hizi zilitungwa kwa kuangalia mwambao na sanaa za kienyeji. Ya Kenya, iliyotajwa hapo juu, ina mwaka 1895. Ile ya Tanzania ya mwaka 1964 inaweka mpaka wa vitu vya kale katika mwaka 1863. Huko Kongo, Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni, na ofisa wa forodha wa Kalundu anayefikiria utamaduni hufikiria kinyago. Kauri huangukia katikati: kwa Mjapani ni yake, kwa mnunuzi wa Ulaya ni ya Japani, na kwa ofisa ni chombo cha kulia. Lakini maneno "au kuingizwa" katika sheria ya Kenya yana hekima ambayo wenzake hawajaifuata vya kutosha. Yanakubali kwamba kitu huweza kuwa cha mahali kwa kukaa hapo.

Mashimo ya duara katika makaburi ya nguzo ya mwambao, ambamo bakuli zilikaa kabla ya kung'olewa, hayawezi tena kujibu kama kilichokuwamo kilikuwa cha Jingdezhen au cha Arita. Kwa vyombo ambavyo bado viko majumbani, kazi inayowezekana ni ya kawaida tu, na yafaa wanafunzi wa idara za historia na za Kiswahili waifanye pamoja: kupima kipenyo na kimo; kupiga picha ya uso na ya kitako, pamoja na alama za vijiti, pete na maandishi; kuandika jina ambalo mwenyewe anakiitia chombo, kama ni sini, kauri, kikombe cha bibi au jina jingine; na kuuliza kiliingiaje nyumbani, kwa harusi, kwa urithi au kwa duka gani. Swali la bei liachwe mwisho, na jibu lake aambiwe kwanza mwenye chombo kabla ya mtu mwingine yeyote.